Kununua na Kutunza Subaru Kuukuu ya Tabo: Mwongozo kwa Wakazi wa Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na kanuni hiyo moja ndiyo inayotawala biashara nzima ya magari makuukuu ya michezo. Subaru Impreza WRX ya 1999, au STI, ile yenye nguvu zaidi, ya 2004, inayouzwa leo Nakuru au Kisumu haikushuka melini mwezi uliopita. Imeishi Kenya kwa miaka mingi, imemilikiwa na watu kadhaa, na yale yaliyoipata mikononi mwao ndiyo hasa unayoyanunua. Herufi za nambari ya usajili hukupa makadirio ya kwanza: zinazoanza na KA zilitolewa hadi 2007 hivi, KB zikafuata, KC zikaanza 2014 na KD 2020. Muuzaji anayeapa kwamba gari lake la 2003 halijamaliza miaka mitatu Kenya amekwisha kukanushwa na kibao chake mwenyewe.

Katika eneo hili, ukimwambia mtu gari la michezo, wa kwanza kumjia akilini ni Subaru. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, Richard Burns akaishinda tena kwa Impreza mwaka 2000, na tangu mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari hukimbia Naivasha, ndani ya Kaunti ya Nakuru. Mbio zinapokaribia, madalali hupandisha bei na hata mwenye gari bovu hujiona ameshika dhahabu, kwa hiyo usiende sokoni wiki hizo. Lakini sababu yenye uzito zaidi ya kuichagua Subaru si sifa za mashindano. Injini yake ya EJ20, ya lita 2.0, yenye silinda nne zilizolala mbili kila upande, inajulikana na mafundi wengi wa Nakuru, Eldoret na Kisumu, na vipuri vyake hupatikana Nairobi na kutumwa kwa magari ya vifurushi.

Magari mengine yapo, nami nitayataja kwa ufupi. Mitsubishi Lancer Evolution ni gari zuri sana, lakini pampu inayoendesha mfumo wake wa kugawa nguvu katika magurudumu ya nyuma huharibika na ni ghali kuirudisha. Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE haina tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, humpunguzia mwenyewe mashaka mengi, na ingemfaa mtu anayetaka gari la kuendesha kila siku. Mazda RX-8 ningemshauri mkazi wa magharibi aiache. Injini yake ya mzunguko hula oili kwa jinsi ilivyoundwa, kipimo cha kawaida cha kompresheni hakiipimi ipasavyo, na fundi anayeielewa kwa kweli huenda ukamfuata mbali.

Kulitambua gari lenyewe

Kabla ya kufungua boneti kwa ajili ya injini, ifungue kwa ajili ya nambari ya chesisi, ambayo imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Kwa Impreza za Japani za kizazi cha kwanza chenye tabo, nambari huanza na GC8. Kwa kizazi kilichofuata, kilichotoka mwaka 2000 hadi 2007, WRX ya kawaida huanza na GDA na STI huanza na GDB. Herufi GD zikifuatwa na tarakimu, kama GD2, GD3 au GD9, gari hilo lilitoka kiwandani bila tabo, hata kama leo lina bawa kubwa nyuma, rimu za dhahabu na nembo ya waridi ya STI. Gari la GDA lililovalishwa nembo za STI ni la kawaida kabisa sokoni, na tofauti si ya urembo tu: STI ina giaboksi ya gia sita yenye nguvu zaidi na kwa kawaida breki za Brembo, ilhali GDA ina giaboksi ya gia tano ambayo haipendi kudhulumiwa. Hakuna ubaya wa kununua GDA; ubaya ni kuilipia bei ya GDB.

Nambari ya injini nayo ilinganishwe na iliyo kwenye logibuku. Injini nyingi za Subaru za umri huu zimewahi kubadilishwa, na hilo si kosa, mradi mabadiliko yameandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa itakuwa tatizo lako siku utakapotaka kuuza, au siku askari atakapotaka kujua ilitoka wapi.

Kuhusu sauti, ambayo huwafanya watu wengi watoe pesa kabla ya kufikiri: mngurumo ule wa kukatakata ambao kila mtu huuita sauti ya Subaru hutokana na mabomba ya eksozi yenye urefu usiolingana kutoka upande mmoja wa injini hadi mwingine. STI za Japani zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2002 zilipewa mabomba yenye urefu sawa, na zikiwa katika hali ya kiwandani hazingurumi hivyo. Kwa hiyo gari lenye kelele nyingi huenda ni la nguvu kidogo lililotobolewa eksozi, na lile lililotulia huenda ndilo bora zaidi katika yadi nzima.

Subaru Legacy za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zenye tabo mbili huuzwa kwa bei ya kuvutia, na bei hiyo ina sababu. Tabo zake hufanya kazi kwa zamu, zikiongozwa na mipira mingi midogo ya hewa ambayo kwa umri huu imekauka na kupasuka, na kutafuta mpira mmoja unaovuja kati ya mingi ni kazi ya siku nzima kwa fundi mvumilivu.

Karatasi

Mwombe mwenye gari nakala ya logibuku na kitambulisho, kisha utafute rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Jina linalotokea liwe la mtu aliye mbele yako, au awe na maelezo yanayoshikika. Jina la benki au kampuni ya mikopo likiwa kando ya la mmiliki, gari ni dhamana ya deni, na usitoe hata malipo ya kushikilia kabla jina hilo halijaondolewa. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya 2017, mikopo ya namna hii huandikishwa pia katika sajili ya dhamana, ambayo nayo hutafutwa kupitia eCitizen; fanya utafutaji huo wa pili, kwa sababu rekodi ya kwanza haionyeshi kila kitu. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwa akaunti yake mwenyewe na kukubaliwa na mnunuzi kwa yake. Hadithi ya kwamba mwenye gari yuko ng'ambo na amemwachia binamu neno la siri la akaunti yake ni hadithi ya kuagana nayo kwa heshima.

Bima ya kulinda wengine ni lazima kisheria na haisumbui kuipata. Bima kamili ni jambo jingine, kwa kuwa kampuni nyingi husita kuitoa kwa gari lenye umri mkubwa. Uliza kabla ya kununua.

Ukaguzi injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba ungependa kulikuta gari likiwa halijawashwa siku hiyo, na ukifika gusa boneti. Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha mlio wa beringi, moshi wa asubuhi na ugumu wa kuwaka. Julai asubuhi Nakuru ina baridi ya kutosha kukuonyesha kila kitu, na kwa sababu hiyo ni wakati mzuri wa kukagua.

Anza na oili. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, ukisome gari likiwa mahali tambarare, na usome pande zote mbili kwa sababu kijiti cha EJ20 hudanganya: upande mmoja mara nyingi huonyesha juu kuliko mwingine, na wa kuamini ni ule wa chini. Oili iliyopungua mno ni ushahidi kuhusu mmiliki kuliko kuhusu gari. Injini hizi hazisamehe uhaba wa oili. Beringi za krenki hukwaruzika, injini hunoki, na fundi hukuambia kwamba kilichobaki ni kufanya ovaholi au kutafuta injini nyingine.

Kisha chutama uangalie chini. Gari lililoteremshwa kwa springi fupi, likapitishwa kwenye matuta ya mitaa yetu kwa miaka mitano, mara nyingi lina sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, iliyobonyea. Watu huliona bonyeo hilo kama kovu la nje tu. Kwa hakika bomba linalofyonza oili limekaa karibu sana na sakafu ya sampu, na sampu ikibonyea kwenda juu nafasi ya kufyonzea hubana, oili hupungua kwenye beringi hasa gari linapokwenda kasi, na mwenye gari hubaki akishangaa kwa nini injini imenoki ilhali oili ilikuwa imejaa. Sampu iliyobonyea ifanye iwe sababu ya kupunguza bei kwa kiasi kikubwa, au ya kuondoka.

Kifuniko cha rediata nacho kifunguliwe gari likiwa baridi. Maji yawe na rangi ya kizuia kutu, kijani au samawati kulingana na aina, na si rangi ya chai. Baada ya injini kuwashwa na kupata joto, angalia chupa ya maji ya akiba: mapovu yanayotoka mfululizo humaanisha kwamba gesi ya silinda inapenya kwenye njia za maji kupitia gasketi ya kichwa. Mapovu machache yanayokoma huenda ni hewa iliyobaki baada ya maji kubadilishwa, kwa sababu injini iliyolala namna hii hushika hewa kwa urahisi.

Mkanda wa taimingi ni wa kuonwa kwa macho. Kifuniko cha plastiki cha upande mmoja hutoka kwa boliti chache za spana namba 10, na fundi yeyote mwenye subira atakifungua. Subaru ilikadiria mkanda ubadilishwe karibu na kilomita 100,000, lakini odomita ya gari la umri huu haina heshima kubwa, na mpira huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limesimama. Katika injini hii mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni. Kama hakuna risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kompresheni na mwinuko wa mahali

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanunuzi wa Nakuru wanapopoteza magari mazuri na kununua mabaya. Kipimo cha kompresheni huonyesha kama pistoni, ringi na vali za kila silinda bado zinafunga. Mafundi wengi huchukua namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda na kuilinganisha na saa ya kipimo, kisha wanatikisa kichwa. Namba ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo la asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Silinda inavuta hewa nyepesi zaidi, kwa hiyo hata injini nzima kabisa itasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Kama kitabu kinataka psi 150, mtu wa Nakuru afurahi akiona 120. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, upungufu ni kama sehemu moja ya nane, na gari lile lile litasoma 130 hivi.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni ulinganifu. Betri iwe na nguvu, injini iwe na joto, plagi zote nne zitolewe, fyuzi ya pampu ya mafuta ichomolewe, na fundi akanyage kichapuzi hadi mwisho anapozungusha injini kwa stata. Plagi za Subaru zimejificha pembeni, baina ya injini na ubavu wa gari. Upande wa kushoto betri lazima itolewe ndipo spana ipite, na hiyo ndiyo sababu fundi mvivu atakuambia kipimo hakina haja. Silinda ya kwanza na ya tatu ziko kulia, upande wa dereva, na ya pili na ya nne ziko kushoto. Tuseme saa inasoma 122, 120, 118 na 121: hiyo ni injini ya kununuliwa. Tuseme inasoma 123, 121, 120 na 92: namba tatu nzuri zisikupumbaze, kwa maana silinda ya nne ndiyo inayojulikana kwa kufa mapema katika injini hizi, na tofauti inayozidi asilimia 10 kati ya silinda haivumiliki. Fundi mwenye kifaa cha kupima uvujaji wa hewa anaweza kwenda mbali zaidi na kukuambia hewa inatokea wapi. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi au pistoni imeharibika. Ikisikika kwenye eksozi, ni vali.

Mwinuko huo huo huathiri tabo. Ili kufikisha shinikizo lile lile ndani ya injini, tabo ya Nakuru huzunguka kwa kasi kubwa kuliko ya Mombasa, hupata joto zaidi na huchoka mapema. Mmiliki aliyeongeza shinikizo kwa kufunga kifaa cha bei rahisi, bila kompyuta ya injini kupangwa upya, ameiongezea mzigo juu ya mzigo. Vilevile STI za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani karibu na 100, ambayo haiuzwi katika vituo vyetu vya kawaida. Gari lililobaki katika hali ya kiwandani hujilinda kwa kuchelewesha cheche, ilhali lililochezewa huenda limepoteza ulinzi huo. Kwa maoni yangu, kati ya magari mawili yenye bei moja, chukua lile ambalo halijaongezwa chochote, hata kama rangi yake imepauka.

Alama ndogo ya kuchezewa ni ile vali inayotoa mshindo wa hewa dereva anapobadilisha gia. Katika mfumo wa kiwandani hewa hiyo hurudishwa ndani, kwa sababu kompyuta ilishaipima na kuikadiria petroli yake. Ikitolewa nje, petroli huzidi hewa kwa muda mfupi kila gia inapobadilishwa, plagi hupata masizi, na mwenye gari hulalamika kwamba linakunywa.

Barabarani

Ukiwa Nakuru, njia ya kufaa ni kupanda kupitia Salgaa na Sachangwan kuelekea Mau Summit. Mkazi wa Kisumu ana mlima wa Riat kwenye barabara ya Kakamega, ambao ni mfupi lakini unatosha. Si lazima kasi, na sehemu ya Sachangwan imeua watu wengi kiasi kwamba haifai kabisa kwa maonyesho. Unachotaka ni injini ibebe mzigo kwa dakika kadhaa huku ukitazama mshale wa joto, ambao ukishafika mahali pake katikati haupaswi kusogea tena. Mshale unaopanda mlimani na kushuka bondeni huashiria rediata iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka au gasketi inayoanza kuvuja.

Wakati wa kurudi, teremka kwa gia bila kukanyaga kichapuzi, kisha mwishoni mwa mteremko ukanyage huku rafiki aliye nyuma akitazama eksozi. Moshi wa samawati humaanisha oili inapenya kwenye sili za vali au kwenye tabo. Moshi mweupe mzito usiokwisha ni maji. Mweusi ni petroli nyingi.

Sikiliza gia ya tatu ikiingizwa kwa haraka. Ikikwaruza, giaboksi ya gia tano imeanza kuchoka. Tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho na uzungushe gari polepole. Likirukaruka au kujikaza kana kwamba breki zimeshika, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imefungana au matairi hayalingani. Ukirudi, acha injini iungurume na unuse karibu na boneti. Harufu ya oili inayoungua kwa kawaida hutoka kwenye gasketi za vifuniko vya vali zinazodondosha juu ya eksozi, na harufu ya grisi hutoka kwenye buti la mpira la ekseli ya mbele kulia, ambalo limekaa karibu mno na bomba la moto. Kasoro hizi mbili ni ndogo na hutengenezeka. Zitumie kujadili bei.

Wiki ya kwanza nyumbani

Usimalize pesa zote kwenye ununuzi. Mimi ningebakiza theluthi ya bei ya gari, na ningeanza kuitumia kabla ya kuliendesha kwenda harusini. Oili ya injini na chujio lake, oili ya giaboksi na ya difu ya nyuma, maji ya rediata, mafuta ya breki, plagi, chujio la petroli na chujio la hewa, vyote vibadilishwe hata kama muuzaji amesema vilibadilishwa juzi. Mkanda wa taimingi ununuliwe pamoja na tenshona, roli zake na pampu ya maji, kwa sababu pampu huzungushwa na mkanda huo huo, na roli iliyokwama hukata mkanda mpya kwa urahisi sawa na wa zamani. Plagi na mikanda ndivyo vipuri ambavyo bandia zake zimezagaa zaidi, basi nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti na atakayekuwapo dukani wiki ijayo.

Kwa Subaru zenye tabo za miaka ya katikati ya 2000 kuna chujio dogo la wavu ndani ya boliti linalopeleka oili kwenye tabo. Mafundi wengi hawajui kuwa lipo. Likiziba, tabo hukosa oili na hufa, na ile mpya inayofungwa hufa vilevile kwa sababu ile ile. Mwombe fundi alitoe, alioshe au abadilishe boliti nzima.

Maji ya kujaza yawe yamechanganywa na kizuia kutu kwa kiwango kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya visima vya Nakuru yana madini mengi ambayo huganda ndani ya mirija myembamba ya rediata, kwa hiyo tumia yaliyosafishwa kwa ajili ya betri. Baada ya kujaza, hewa itolewe kupitia skrubu iliyo juu ya rediata huku injini ikiunguruma na kipasha joto cha ndani kikiwa wazi. Kazi hiyo ikifanywa haraka haraka, mfuko wa hewa hubaki kwenye kichwa cha injini, na gasketi uliyoikagua kwa makini siku ya kununua huungua mwezi unaofuata.

Matunzo baada ya hapo

Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na mapema kidogo kwa anayepanda milima mara kwa mara. Kipimo chake kisomwe kila unapojaza tanki, kwa sababu EJ20 yenye umri hula oili kidogo hata ikiwa nzima. Asubuhi usilikimbize gari kwa kuwa tu mshale wa maji umefika katikati. Oili huchukua muda mrefu zaidi kupata joto, na beringi zinaitegemea oili. Baada ya kupanda mlima kwa nguvu, endesha taratibu kilomita moja au mbili za mwisho, au liache liungurume kama dakika moja kabla ya kulizima, ili oili iliyo ndani ya tabo isiungue na kuganda.

Anayekaa kando ya barabara za murram, kama zile za pembezoni mwa Njoro au Rongai, alikague chujio la hewa kila mwezi wakati wa kiangazi. Lile la karatasi la kiwandani lina faida kuliko lile la wazi lililofungwa ndani ya boneti, ambalo huvuta vumbi pamoja na hewa ya moto ya injini. Bushi na boljointi huisha kwa mashimo na matuta, na hakuna namna ya kulizuia hilo. Zikaguliwe kila oili inapobadilishwa, kabla hazijakula matairi.

Kuhusu matairi, Subaru huendesha magurudumu yote manne kwa wakati mmoja, na tairi jipya moja kati ya matatu yaliyolika huilazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika. Mizingo ya matairi yote manne isitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Ukipata pancha isiyozibika Timboroa na tairi la akiba likiwa dogo kuliko mengine, endesha polepole hadi fundi wa karibu, usiende nalo hadi Eldoret. Na gari likizima kabisa, usikubali livutwe kwa kamba au kwa gari la kunyanyua magurudumu mawili huku mengine mawili yakizunguka barabarani. Subiri lori la kitanda bapa, hata kama dereva wa gari la kuvuta anakuhakikishia kwamba amevuta Subaru nyingi na hakuna iliyoharibika.